Hodi Haina Jibu la Pili

Nani aliyetunga neno hodi
akasahau kulitungia jibu la pili?
Kuna karibu tu. Nimetafuta kwingine, sijaona.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha Kiswahili hapa Msaranga
na sina neno la kumwambia kijana wa masufuria
anayegonga geti langu kwa sarafu,
ng'a, ng'a, ng'a,
saa nne asubuhi, mboga ikiwa motoni.

Wa mashine ya kuchuja maji huja Jumatatu.
Anapanga glasi mbili juu ya ukuta wa baraza,
anachovya waya, yangu ya bomba inageuka rangi ya kutu.
"Unaona unachokunywa, mama?"
Anasema hivyo Kibo ameipa mgongo,
nyeupe, kimya, kama shahidi ambaye hakuitwa.

Wa bima ya mazishi hana siku.
Alitazama mvi zangu kwanza, ndipo akafungua fomu.
Nikamwambia nina haraka.
"Ndiyo maana, mama," akasema.

Nilijaribu mbwa. Simba aliwapenda wote,
akilala chali wamkune tumbo.
Alipokufa nikaacha kibao, MBWA MKALI;
wanakisoma, wanacheka, wanagonga.
Nikajaribu kuitikia kwa Kimachame kitupu,
neno la Kiswahili lisinitoke,
mpaka akaja mmoja wa Machame.
Ikawa shangazi huyu na ukoo ule, na mgomba wa nani uliovuka mpaka,
nikabaki na vitu vitatu vya plastiki
ambavyo hadi leo sijui ni vya nini.

Basi nikajifunza kunyamaza.
Nazima redio katikati ya taarifa ya habari,
navua kandambili, nasimama nyuma ya mlango wa jikoni
na mwiko kifuani, kama mtu anayeombewa.
Siku moja hodi ikaja mara tatu, ikatulia.
Kisha sauti kwenye upenyo wa geti, ya chini, ya mtoto wa mtu:
"Mama, vitunguu vinaungua."
Nyayo zikaondoka.
Vilikuwa vinaungua kweli.

Jumamosi nilivaa kitenge cha heshima
nikatia kadi kumi na mbili kwenye pochi:
harusi ya Elirehema, mtoto wa marehemu dada yangu,
singo elfu hamsini, dabo laki moja,
tafadhali wasilisha mchango wako mapema.
Nikaanzia kwa akina Mshiu.

Hodi.

Redio ikakatika katikati ya neno.
Kandambili, pa, pa, kisha hakuna.
Pazia likavuta pumzi.
Nikanusa samaki kwenye mafuta.
Nilikijua kimya kile. Kilikuwa changu,
mtu amekiazima bila kuniaga.

Kadi ililowa jasho mkononi.
Nilitaka kusema, sitaki kitu, Mama Mshiu, ni mimi tu.
Lakini nilitaka kitu,
na alijua ni mimi.

Mtaa mzima jua lilikuwa utosini.
Kwa mbali nilimwona kijana wa masufuria
amekaa juu ya jiwe, anamwaga kokoto kutoka kwenye kiatu.
Akanipungia mkono, kama watu wa kazi moja.

Nikasogeza mdomo kwenye upenyo wa geti.
"Geuza samaki, jirani,"
nikasema,
nikaenda nyumba inayofuata.