Korija Mbili za Boriti

Jumanne alisema, jukwaani pale Mkunguni,
kipaza sauti kikikohoa:
"Kuanzia leo, mikoko haikatwi."
Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga;
mikoko ni yetu, na inakwisha, kweli.

Jumatano askari walikuwa Langoni
kwa Famau Bwanaheri, wakihesabu kwa ncha ya buti:
boriti korija mbili, mwaka mzima wa kudunduliza,
dari ya chumba cha bintiye, harusi mfunguo saba.
Kibali alikuwa nacho. Nilikiandika mimi,
kwa mkono huu, nikakigonga muhuri mara mbili
kwa kuwa wino ulikuwa umekauka.
"Amri ya rais," wakasema.
"Iwapi?"
"Imesemwa."

Alikuja ofisini, viatu mkononi,
kama aingiaye msikitini.
"Mwanajabu, weye umesoma. Hii ni sheria?"
"Si sheria. Sheria hupita Bungeni."
"Basi hii imepita wapi?"

Nikaitazama feni. Haikuwa na jibu.
Nikamwambia nililofunzwa:
amri ya rais ni karatasi.
Huandikwa, ikatiwa sahihi, ikapigwa muhuri,
ikataja kifungu inachokiegemea,
maana haizai sheria,
huituma tu iliyokwisha kuzaliwa;
na jaji akiona imepotoka
huirudisha kwao.
"Kumbe na rais huhitaji kibali," akasema Famau.
Hakucheka.

Neno lina mbio; karatasi hungoja boti.
Waraka ulifika siku ya kumi na tisa,
kutoka Mokowe, ndani ya bahasha ya kaki
iliyorowa pembe moja.
Niliuanza nimesimama, nikaumaliza nimekaa.
Kifungu cha nne, herufi ndogo:
*isipokuwa miti iliyokatwa kwa kibali
kabla ya tarehe ya amri hii.*

Nikatoa nakala, tukaenda kituoni.
Mkuu wa zamu akaisoma hadi chini,
akaigeuza, akatafuta maneno mengine mgongoni.
Hapakuwa na kitu.
"Ni kweli," akasema. "Boriti ni zako, mzee."

Sote watatu tukatazama juu.

Kibanda kilikuwa kipya, makuti bado yananukia,
na kivuli chake, nisiseme uongo, kizuri.
Famau akazihesabu kwa kidole, polepole,
midomo ikicheza kama anayevuta uradi,
hadi thelathini na nane.

"Na mbili?" akauliza.