Kupanda Hulipiwa

Teksi imeniacha mbele ya jengo la kumi na saba,
Gldani, jina ambalo wageni hulitafuna
kama kokoto iliyosahauliwa kwenye mchele.
Nililitamka mara moja tu, dereva akanitazama kiooni:
"Kumbe wewe ni wa hapa."
Sikujibu. Miaka ishirini na mitatu si jibu.

Nimekuja Tbilisi kumzika shangazi,
ng'ambo ile yenye hoteli na taa.
Hakuna aliyenituma huku.
Miguu ndiyo iliyoomba ruhusa.

Mforsadi wa uani umekatwa.
Juu ya kisiki mabwana wawili wanapigiza dhumna,
na lami imefunika pale tulipokuwa tukisimama Juni nzima,
midomo myeusi, mashati yameharibika,
tukiapa kwa mama zetu kwamba hatujala kitu.

Bi Tsiala hashushi tena kikapu kwa kamba
kutoka ghorofa ya tatu,
pesa ndani, na kijikaratasi:
*sigara, kiberiti, na usimwambie binti yangu.*
Roshani yake imezibwa kwa vioo.
Nimeinua uso hata hivyo, viganja wazi,
kama mtu aliyeambiwa mvua inakuja.

Lifti ni ile ile.
Kisanduku cha sarafu ni kile kile, na harufu:
paka, kitunguu cha mtu fulani, chuma.
Nimejipapasa. Kadi ya benki, noti, funguo za nyumba ya Lyon.
Sarafu, hata moja.
Binti wa miaka kama tisa, fidla mgongoni,
akanipima jinsi wenyeji wanavyowapima watalii,
akatumbukiza yake.
"Ghorofa ya ngapi?"
"Nane," ulimi ukasema kabla sijauuliza.

Yeye akatokea ya sita.
Nikabaki na ghorofa mbili za kuogopa.

Mlango wetu sasa ni wa chuma, rangi ya damu ya mzee.
Nyuma yake redio, birika linachemka,
mtu anakohoa
kikohozi kisicho cha baba.
Nimeinua ngumi. Ningesema nini?
Kwamba karibu na dirisha, chini ya zulia lao,
kuna ubao unaolia ukikanyagwa,
na Vazha aliporudi usiku wa manane aliuruka
kama mwizi mwenye adabu?
Wanajua. Sasa ni wao wanaouruka.

Nikashuka kwa ngazi.
"Kupanda hulipiwa, kushuka ni bure,"
alikuwa akisema Vazha.
Alikuwa akizungumzia lifti.

Ile miaka ya baridi isiyo na umeme
tulizihesabu ngazi hizi kwa vidole vya miguu,
ndoo ya maji katikati yetu,
kila tone lililomwagika likiwa kosa la mwenzio.
Kwenye ya sita nikasikia fidla
ikikosea mahali pale pale, mara tatu.
Mtoto yule ananidai.
Na kati ya ya tano na ya nne,
kwenye mbao ya kushikilia,
kaka yangu alichonga herufi yake kwa msumari.
Wamepaka rangi, wamepaka tena, kijani juu ya buluu.
Macho hayakuona kitu.
Kidole gumba kikasimama chenyewe.

Nikakaa hapo. Sijui muda gani.
Mwanamke mmoja akanipita na mifuko ya viazi,
akasema samahani, kana kwamba ngazi ni zangu.

Nje, tanuri la mikate bado linawaka shimoni,
mwokaji bado anainamia humo hadi kiunoni.
Nimenunua mmoja, mrefu, wenye ncha kama pembe.
Kabla sijavuka barabara ncha imeshakwenda,
kama zamani, mama alipokuwa akiugeuza mkate mezani na kusema
panya wa nyumba hii wana meno ya mtoto wa shule.

Basi likaja, likaondoka.
Nami nimesimama, mkate wa moto kwapani,
makombo kwenye koti la msiba,
nikitunga udhuru,
na hakuna nyumba ya kuupeleka.