Buti la Kushoto

Ekzosi ilinichoma mwaka juzi nikishuka Uru,
pikipiki imenilalia kama ng'ombe aliyechoka.
Kovu liko kwenye shavu la mguu wa kulia.
Mama mdogo anasema Moshi umenipiga muhuri.
Nilicheka, nimesimama kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo leo niko Memorial tangu saa mbili.
Robota la viatu limefunguliwa sasa hivi,
linanuka dawa na ghala la ng'ambo,
na Mchomvu yuko juu ya meza anapiga makofi.
"Unataka ya shamba au ya barabara, dada?"
Kana kwamba shambani watu hufika kwa kupaa.

Namwambia kazi yangu: napandisha ng'ombe mimba.
Meza tatu zinacheka.
Mtungi wa mbegu naufunga nyuma ya siti,
kutoka ofisini ni lami na malori ya Himo,
kisha moramu, kisha mawe,
kisha ule utelezi kati ya mgomba na mfereji
ambako gurudumu huenda linakotaka
na mguu ndio breki ya mwisho.
Ng'ombe akiingia joto hasubiri njia ikauke.

Gambuti nimevaa. Maji hayaingii,
lakini yakishaingia unarudi nyumbani na mtaro mzima,
na ukidondoka kwenye lami, hiyo ni soksi tu ya mpira.
Buti za mlinzi nimevaa. Kamba ilinasa kwenye gia
mbele ya kituo cha mafuta,
nikaanguka polepole, pikipiki imesimama,
watu wote wa Mungu wakitazama.

Mchomvu ananivisha za mashindano,
plastiki mpaka gotini, nyekundu na nyeupe.
"Hizi hata tembo akukanyage!"
Natembea hatua nne kama bata aliyevaa ndoo.
Kifundo kisichokunjika kitaisikiaje gia?
Nitachuchumaaje nyuma ya ng'ombe?

Nazikuta chini ya meza, nyeusi, zimefungwa kwa waya.
Zinavuka kovu langu kwa vidole viwili.
Napinda soli: inakataa, halafu inakubali,
kama mtu mzima anayeombwa mkopo.
Meno yake si ya trekta, wala si laini kama ya kanisani.
Bizimu nne za chuma kila mguu.
Namba arobaini; mimi ni thelathini na tisa.
Uongo mdogo, soksi nzito itauficha.

Na juu ya vidole vya kushoto, alama:
ngozi imelika, inang'aa,
pale gia inapopandishwa.
Mtu fulani, nchi nisiyoijua,
aliinua mguu huu maelfu ya mara
akiacha miji nyuma.
Soli ya kulia bado mpya.
Hakuwa mtu wa breki.
Hilo lilinitia shaka kuliko bei.

"Elfu tisini."
"Sitini."
"Themanini, na nakuombea."
"Sabini. Niombee hivyo hivyo."

Saa kumi, Kibosho, mvua.
Mara mbili tairi lilikimbia, mara mbili mguu ukashika.
Kazi kwa ng'ombe wa Mama Aikande ikaisha salama,
naye akaita toka ndani: "Ingia, kiburu kinapoa!"
Sakafu imepigwa deki sasa hivi.
Nikakaa kizingitini.
Bizimu nane, tope limejaa kila tundu,
vidole vyangu vina ganzi.
Akaja kuchungulia. "Mwanangu,
umevaa kiatu au umefunga lango?"

La kulia lilitoka. La kushoto likagoma,
limezoea kwenda.
Basi akaniletea sahani palepale mlangoni,
nikala mguu mmoja ndani ya buti, mmoja nje,
ng'ombe akitutazama bila haya.

Soksi ya kulia ilikuwa kavu.
Nilimwonyesha.