Selotepu Nyeusi

Wamenipa kazi ya kufunika majina.
Boksi la selotepu nyeusi, mkasi, ngazi ya futi sita,
na orodha ya Bi Maureen:
mabomba ya chooni, vikausha mikono, lifti mbili,
saa ya ukutani, hata mizani ya zahanati.
Vyote vina jina la kampuni ambayo haikulipa.

Siku kumi na moja kabla ya firimbi ya kwanza
nazunguka uwanja huu wa Kansas City nikiziba,
kama mtu anayefumba macho ya maiti,
moja moja, kwa dole gumba.
Uwanja wenyewe wameuvua jina,
wameuvisha la kuazima, la mwezi mmoja.
Sishangai. Nilipofika nchi hii
karani alikosea kuandika Byamungu,
na kosa lake ndilo liko kwenye leseni yangu.

Tiketi? Nilijaribu.
Mapendo ana miaka tisa, beki wa kushoto
nyuma ya kanisa, Independence Avenue.
Kaniambia, Baba, si unafanya kazi palepale?
Usiku nikafungua simu: dola mia nne na kumi,
kiti cha juu, jirani na mawingu.
Nikaenda jikoni kumuuliza mama yake.
Nikarudi: mia nne na sitini.
Nikatafuta kadi: mia tano na tatu.
Bei ile ina macho.
Nyanya hupanda kwa mvua, kwa daraja kukatika;
hii ilipanda kwa sababu nimeitamani.

Na maegesho yana tiketi yake.

Kizuri chajiuza, tulifundishwa,
kibaya chajitembeza.
Basi mpira, mzuri wa wazuri, umekosa nini
hata wakaupaka wanja, wakaufunga bei kiunoni,
wakauzungusha mlango kwa mlango?

Siku ya mechi niko lango la tano.
Chupa: tupa. Kofia: bandika.
Fulana ya mtoto yenye nembo ya soda ya wapinzani:
avae ndani nje, mishono ikimkuna shingo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila kwanza tukukague kifuani.

Akaja mzee Evaristo, katoka Wichita kwa gari la mpwawe,
ngoma begani kama mtoto aliyelala.
Ubavuni, kwa rangi nyekundu, kwa Kihispania:
BUCHA YA NDUGU WAWILI.
Akaeleza ngoma imeshakwenda mashindano manne,
ngozi walimpa wale ndugu, ya ng'ombe wao,
na mmoja wao sasa ni marehemu.

Bi Maureen akanitazama.
Nikafunika ndugu wa kwanza. Kisha wa pili.
Mzee alinishikia ngoma nikizungusha utepe,
mkasi ulipokataa akakata ncha kwa meno yake.
Akasema asante.
Asante hiyo mpaka leo sijapata pa kuiweka.

Dakika ya ishirini na mbili mchezo ukasimama,
eti wachezaji wanywe maji. Jua halikuwepo.
Skrini ikatuonyesha magari, bima, kuku wa kukaanga,
na wanaume ishirini na wawili wakangoja,
chupa mkononi, kama wateja wa benki.
Hapo ndipo nikaisikia, huku chini, kupitia zege:
du, du-du, du,
katikati ya sentensi ya mtu wa bima.

Goli lilinikuta chooni, juu ya ngazi.
Mvuke ulikuwa umebandua kipande kimoja
na jina la bomba lilikuwa likichungulia, herufi mbili.
Ukuta ukatetemeka, maji yakaruka kwenye sinki.
Sijui nani kafunga. Nilishika bomba nisianguke,
na kile kipande nikakiacha kining'inie.

Mapendo ataniuliza lilikuwaje.
Nitamwambia lilipanda kupitia nyayo.
Nitamwambia avue viatu, asimame hapa,
nimpigie sakafu.