Ajenda ya Nne

Saa kumi na mbili jioni, Novemba, Pentre Helyg.
Giza limeingia tangu saa kumi, na bomba la joto
linagongagonga ukutani kama mtu aliyesahauliwa ndani.
Mimi ni karani. Naandika yanayosemwa.
Yanayomezwa hayana safu katika daftari.

Kwanza, tangazo la maslahi.
Diwani Probert: nduguye ana zizi linalopakana na kiwanja.
Anachukua mkoba wake, anatoka,
anakaa koridoni, mlango nusu wazi, sikio zima.
Wengine? Hakuna. Naandika: hakuna.
Karani haulizwi.

Nyumba hamsini na nne, shamba la Cae Hir,
yaani Shamba Refu kwa lugha yao Wawelisi,
ingawa si refu;
labda lilipewa jina na aliyelilima kwa mkono.

Kijana wa kampuni, viatu vikavu,
anatuonyesha ukutani miti iliyooteshwa na kompyuta,
mama asiye na uso akisukuma kigari,
na jua (amelitoa wapi jua hilo?)
"Mafuriko," asema, "ni mara moja kwa miaka mia."
Naandika: mara moja, miaka mia.

Bi Nerys Maddocks amepewa dakika tatu.
Ya kwanza yote anahangaika na fundo la mfuko wa plastiki.
Anatoa buti moja la mpira,
analiweka mezani, juu ya makabrasha ya mwenyekiti.
Tope limechora mistari, mmoja juu ya mwenzake.
"Huu ni wa mwaka aliozaliwa Gethin.
Huu, tulipomzika baba yake, jeneza likapita kwa trekta.
Huu, Februari iliyopita.
Miaka mia imenipitia mara tatu, na bado napumua."
Ukumbi unacheka. Naandika:
Mkazi alieleza wasiwasi kuhusu maji.

Kisha Carys Bebb, muuguzi, bado na sare ya zamu.
"Popo wa Cae Hir wamehesabiwa: kumi na saba.
Nimesoma ripoti, ina hata picha zao.
Mimi naishi kwenye karavani nyuma ya banda la mkwe wangu,
kuvu imepanda hadi kwenye mto wa mwanangu.
Sisi nani ametuhesabu?"
Hakuna anayecheka. Bomba linagonga.
Naandika: Mkazi aliunga mkono.

Wakajadili maegesho. Wakajadili mtaro,
madawati ya shule, upana wa lori la taka.
Rangi ya vigae ilikula dakika ishirini.
Kura: nne kwa nne.
Mwenyekiti Idwal Prosser akalitazama buti,
akamtazama Carys, akatazama saa,
akasema heri twende tukalione shamba kwanza, Alhamisi ijayo.
Imeahirishwa.
Neno la silabi sita,
na hakuna hata moja yenye paa.

Nilifunga ukumbi, nikapita njia ya mto.
Kwenye lango la Cae Hir tangazo limefungwa kwa waya,
mvua imeingia ndani ya nailoni,
herufi zinatiririka: nyumba, hamsini, na.
Nikawasha simu nimulike.
Majani yalikuwa yamesimama ndani ya kitu kinachong'aa.

Orodha ya wanaosubiri nyumba naichapa mimi,
kila Jumatatu. Namba mia mbili na kumi na mbili
ni binti yangu. Mwaka wa saba.
Nilisimama pale nisijue niombe nini,
mvua ikatike usiku ule ule,
au inyeshe hadi Alhamisi, wajionee.

Nyumbani nikavua viatu gizani, nikaviweka juu ya gazeti
karibu na godoro la wajukuu.
Asubuhi vilikuwa na mstari.
Mdogo akaupima kwa kidole,
akauliza kama ni mimi niliyeuchora.