Kikombe cha Nusu

Miaka ishirini na saba Nyandoro alipima pareto
kwenye kiwanda kile cha Nakuru,
na wakulima wa Molo waliapa kwa jina lake:
mkono ule hauibi, hauongezi.
Hata sukari ya dukani aliitia kiganjani,
akasema, "Imepungua gramu kumi,"
na mwenye duka akanuna, akaongeza.

Mkono huohuo sasa
unahesabu noti zisizokuwapo,
gumba juu ya kidole cha shahada, kutwa kucha.
Vifungo vya shati namfunga mimi.
Chai namwekea nusu kikombe,
tukijifanya ndivyo anavyopenda.

Daktari Chelagat alituchorea ubongo
nyuma ya risiti ya dawa.
Hapa pana shamba, alisema, linakauka.
Tutachukua kirusi, tutaking'oa meno,
tukitwike jeni kama mbegu,
kipenye tundu jembamba la fuvu
kikapande.
"Na mvua?" Nyandoro akauliza.
Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka.
Hiyo hatujui. Ndiyo maana huitwa jaribio.

Kisha lile la makundi:
nusu ya wagonjwa watapandiwa,
nusu watachanwa ngozi tu, washonwe,
warudi nyumbani na kovu lilelile
wasijue.
Inajua bahasha, nayo imefungwa hadi mwaka upite.
Nilikasirika. Nikasema huo ni wizi wa mizani.
Mume wangu akatikisa kichwa
(au kilijitikisa, siku hizi sitofautishi):
"La, Bosibori. Hakuna mizani ya sahani moja."
Akatia sahihi. Jina lilitoka dogo kama sisimizi,
likapungua, likapungua,
herufi ya mwisho ikawa nukta.

Huu ni mwezi wa tano wa kovu.
Vumbi la Februari linatoka ziwani
linakuja hadi Shabab, linakaa juu ya redio.
Juzi nilikuta kifungo cha juu kimefungwa.
Sikuuliza.
Labda ni jeni. Labda ni matumaini,
nayo yana vidole vyake.
Labda ni siku njema tu,
kama zile zilizotutembelea hata kabla ya kovu.

Leo asubuhi sikuingoja bahasha.
Nilimimina chai hadi ikavimba
juu ya mdomo wa kikombe,
nikakisogeza mbele yake.
Akanitazama. Akautazama mkono
kama alivyozoea kuutazama mshale wa mizani
kabla haujatulia.