Ledina wa Kwenye Wimbo

Kwanza niseme: sikuondoka na dereva wa lori.
Wimbo unasema hivyo, na Mafinga nzima inaimba hivyo,
hata mtoto wa Mama Kikoti, hajaota magego,
ananipita bombani: Ledina kapanda semi,
Ledina kapanda semi.

Nilipanda, ndiyo. Semi ya mbao, kiti cha mbele, elfu tatu,
na matenga kumi na mawili ya kuazima,
nikashukia Ilula kulangua nyanya.
Siku kumi na tisa. Nilimwachia unga, maharage,
na ufunguo chini ya kinu.

Yeremia ni mtu wa msumeno, Sao Hill,
mikono hainawiki utomvu wa msindano.
Gitaa alilinunua kwa mmisionari aliyekuwa anahama,
likiwa na nyuzi tano;
ya sita ni waya wa breki wa baiskeli yangu.
Kantri aliijulia kwenye kaseti za baba yake,
Jumapili baada ya ibada:
wazungu wasioonekana wakililia farasi,
na mzee akilia nao, neno hata moja halijui.

Basi usiku wa tisa, ukungu umeketi mpaka mlangoni,
ulanzi umekolea, kitanda kipana,
akanitungia dereva.
Akampa na jina, Jofrey wa Tunduma.
Akampa jino la dhahabu.
Nilimuuliza baadaye, jino la nini?
Akasema, "Mstari ulikuwa mfupi."

Wakarekodi nyuma ya duka la pembejeo,
kuta zimebandikwa trei za mayai,
Mwaipaja kwenye kompyuta, makoti mawili mwilini,
wakingoja mashine ya mbao ya jirani inyamaze.
Haikunyamaza. Kwenye kiitikio, ukitega sikio,
inasikika ikipasua ubao,
na watu wanasema hapo ndipo panapowatoa machozi.
Elfu themanini. Za nyanya.

Redio ikaupiga Alhamisi.
Mtangazaji akasema ni wimbo wa wanaume walioachwa.
Sikujua wako wengi kiasi hicho.
Wakaja na mabuti, na kofia za pama,
wa Nyololo, wa Makambako, mmoja wa Tukuyu na mkungu wa ndizi,
wanamshika Yeremia mkono kama wako msibani.
Nikiwaletea chai wananyamaza.
"Huyu nani?"
"Shemeji yako."
"Kumbe amerudi?"

Mchungaji alinihubiri bila kunitaja.
Pale mizani, dereva mmoja alinifungulia mlango;
aliposikia jina langu akaufunga, akasema ana mke.
Mama mkwe alinuna siku mbili, kisha akaniambia,
"Mwanangu, hata kama hukwenda, umeimbwa."

Nimeimbwa. Nyumbani mimi ni "we".
We, chumvi iko wapi. We, funga mlango, baridi.
Lakini ubeti wa tatu anasema Ledina, mara nne,
na ya nne sauti inamkatikia
kama mti uliosita kabla ya kuanguka.
Hiyo sauti sijawahi kupikiwa nayo hata chai.

Nikiwa peke yangu nauweka, kidogokidogo, majirani wasisikie.
Namwonea wivu huyo mwanamke.

Kesho kuna semi inashuka Ilula.
Nimemwambia Yeremia, nitarudi Jumanne,
na ufunguo uko palepale.
Ameitikia bila kugeuka.
Anakaza ule waya wa breki.